Bibi Si Chanzo

Darasa lilicheka, na Zdravka Gerdzhikova akaliacha licheke. Alisimama mbele ya ubao akiwa na rasimu ya Sevgin mkononi, karatasi tatu zilizojaa wino mwekundu kama uso wa mtoto mwenye surua.

"Sikilizeni tanbihi namba tatu," alisema. "'Chanzo: bibi yangu Fatme.'"

"Bibi toleo la ngapi, Mwalimu?" Ivelin aliuliza kutoka nyuma.

"Toleo la kwanza, jalada gumu," mwingine akadakia, na kicheko kikazunguka tena.

Sevgin hakucheka. Alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na sita, anayetoka mtaa wa juu ya reli, wanakokaa Waturuki wa mji wa Brestova Luka. Alikuwa na desturi ya kuinamisha kichwa anaposemwa, lakini siku hiyo alikiinua. "Alikuwepo, Mwalimu. Alikuwa ndani ya tela. Alikuwa na miaka tisa."

"Sikatai, mwanangu. Lakini kamusi elezo haiulizi nani alikuwepo. Inauliza nani aliandika, wapi, na lini. Leo nikimkubali bibi yako, kesho Ivelin ataniletea mjomba wake."

"Mjomba wangu hajui kuandika hata jina lake," Ivelin alisema, na kengele ilikuwa bado.

Kila mwaka shule ilipofunguliwa Septemba, Zdravka aliwaandikisha wanafunzi wake wa darasa la kumi makala za kamusi elezo ya mtandaoni kuhusu mji wao. Shule nzima ilimjua kwa neno moja tu, nalo ni "Chanzo?", ambalo aliliandika pembeni mwa kila sentensi iliyojitia kujua. Alilipenda neno hilo kuliko mapambo. Mwaka huu makala ya gharika ya 1957 ilikuwa na waandishi wawili, Ivelin na Sevgin. Wawili hao walikubaliana juu ya mvua, mto, bweni la watoto lililozingirwa na maji, na trekta lililoingia mara tisa kuwatoa watoto thelathini na wawili. Walitofautiana juu ya jambo moja tu, dereva. Sevgin aliandika kwamba alikuwa Yumer Ademov. Ivelin aliandika kwamba alikuwa Stamen Gerdzhikov, akaweka tanbihi safi ya gazeti la mkoa la mwaka 2017, na Zdravka akamtilia alama ya vema.

Hakuna mtoto darasani asiyejua kwamba Stamen Gerdzhikov alikuwa baba mkwe wa mwalimu wao, wala kwamba Jumamosi ile halmashauri ingeliita daraja jipya la waenda kwa miguu kwa jina lake.

"Na gazeti lilipata wapi, Mwalimu?" Sevgin aliuliza.

"Gazeti lina mhariri."

"Mhariri aliambiwa na nani?"

Hapo ndipo kengele ilipolia, ikamwokoa mtu ambaye hakujua anaokolewa. "Ijumaa," Zdravka alisema akikusanya karatasi. "Niletee kilichochapishwa, Sevgin, au ufute hiyo sentensi. Ukishindwa yote mawili, makala yako nitairudisha bila alama."

Alipotoka darasani alisikia wavulana wakimwita msichana yule "Bibi Toleo la Kwanza". Alipaswa kugeuka na kuwakemea. Hakugeuka.

Nyumbani kulinukia pilipili hoho za kuchoma. Mume wake Ognyan alikuwa kwenye roshani na jiko la umeme, akizitoa moja moja na kuzifunika kwenye sufuria ili ziachie ganda. Alikuwa fundi wa maji wa halmashauri, na kwa wiki nzima alitembea kifua mbele, maana mabosi ambao hawakuwahi kumjua jina sasa walimwita "mtoto wa Stamen".

"Suti ya mzee imerudi kutoka kwa dobi," alisema. "Umeiona? Kama ya bwana harusi."

Mzee Stamen mwenyewe, mwenye miaka themanini na mitano, alikaa jikoni akila jibini na kusoma kwa sauti kikaratasi cha hotuba ambacho hakikuzidi mistari minne. Alikuwa na baridi yabisi na masikio mabovu, lakini tangu daraja litajwe alikuwa ananyoa ndevu kila siku.

Zdravka alikaa kusahihisha, akashindwa. Akaosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Akakaa tena. Swali la msichana yule lilimkaa kooni mithili ya mwiba wa samaki. *Mhariri aliambiwa na nani?* Mwishowe akafungua kompyuta, akatafuta makala ya mji, akabonyeza pale panapoonyesha historia ya ukurasa, ambako kila sentensi ina siku yake ya kuzaliwa na jina la mzazi wake.

Sentensi ya Stamen ilizaliwa tarehe 11 Machi 2014. Mzazi wake alikuwa Zdravka_G.

Alikuwa amesahau. Au tuseme ukweli, hakuwa amesahau, ila hakuwahi kuihesabu kuwa ni kosa. Mwaka ule ndio alijiandikisha, na sentensi ya kwanza aliyoiandika ilikuwa zawadi kwa baba wa mume wake, hadithi aliyoisikia mezani kila sikukuu: *Ijumaa, tarehe 29 Juni 1957, Stamen Gerdzhikov, akiendesha trekta, aliwaokoa watoto thelathini na wawili.* Hakuweka tanbihi. Nani angeweka tanbihi ya mzee wa nyumbani?

Akafungua gazeti la 2017. Ilikuwa sentensi ileile, neno kwa neno. Hata Ijumaa ilikuwepo. Alichukua kalenda ya miaka mia, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Tarehe 29 Juni 1957 ilikuwa Jumamosi. Kosa lake mwenyewe lilikuwa limetembea hadi gazetini na kurudi nyumbani likiwa limevaa tai.

La kuaibisha zaidi lilikuwa chini yake. Mwaka 2018, Zdravka_G alirudi kwenye sentensi yake na kuipachika tanbihi: gazeti la mkoa, 2017. Huu ndio ulikuwa mchezo aliowaonya wanafunzi wake kila Septemba. Aliuita ng'ombe anayejinyonya mwenyewe: unaandika bila chanzo, gazeti linakunakili, halafu unalitaja gazeti kuwa chanzo chako. Watoto hucheka sana kwa mfano huo. Nyani haoni kundule.

"Umekaa kama umeona mzuka," Ognyan alisema kutoka mlangoni, mikono myeusi kwa masizi ya pilipili.

"Ognyan, baba aliendesha trekta siku ile?"

"Swali gani hilo? Mji mzima unajua."

"Mji mzima umesoma nilichoandika mimi."

Akacheka, akadhani ni utani wa walimu.

Alhamisi baada ya vipindi, Sevgin alikuja chumba cha walimu bila kubisha. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwalimu, njoo maktaba. Pavlina anasema ataita polisi."

Maktaba ya mji ilikuwa hatua mia mbili kutoka shuleni, na Zdravka alizitembea zote mbio mbio huku msichana akimweleza. Alikuwa amefanya alichoambiwa. Aliomba jalada la gazeti la mji la 1957, kitabu kizito chenye vumbi, akalifungua toleo la tarehe 3 Julai, na kwenye ukurasa wa tatu akakuta tundu. Mtu alikuwa amekata habari nzima kwa wembe, mstatili uliopimwa vizuri.

Pavlina, mtunza maktaba, alikuwa amesimama mlangoni amejishika kiuno. "Mwalimu, miaka kumi na tisa nipo hapa, majalada haya hajayagusa mtu. Leo kayagusa huyu, na leo pana tundu. Unataka nifikirije? Watu wa kule juu ya reli tunawajua."

"Nipekue," Sevgin alisema. Kabla mtu hajamzuia, akageuza mkoba wake juu ya meza. Zikamwagika daftari, kitana, mkate uliofungwa kwenye karatasi, na pakiti ya pedi ambayo aliiacha pale wazi mbele ya wazee wawili waliokuwa wakicheza sataranji. Wazee wakageuza nyuso. Pavlina hakugeuza, alizikunjua daftari moja moja.

Zdravka aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Ni yeye aliyemtuma mtoto huyu hapa. Alimtuma akatafute kilichochapishwa, na kwa kukitafuta amekuwa mwizi.

"Acha, Pavlina," alisema. "Hebu njoo uangalie. Karatasi hii ina rangi gani?"

"Manjano. Ina umri wa kustaafu."

"Na ukingo wa tundu?"

Pavlina alivaa miwani. Akapitisha ukucha kwenye ukingo. Ulikuwa wa manjano vilevile, umelainika na kujikunja kwa ndani. "Kata ya leo ingekuwa nyeupe," alisema taratibu.

"Ingekuwa nyeupe."

"Basi ni ya zamani." Akaanza kurudisha daftari mkobani, haraka haraka, bila kumtazama mwenyewe. "Kabla yangu hapa palifungwa miaka mingi. Aliyekuwa na funguo ni mtu wa kuwasha majiko tu." Akafunga mkoba, kisha akasema, "Mzee wako, Mwalimu. Si ndiye?"

Sevgin alimtazama mwalimu wake. 

Alimkuta Stamen jikoni akipigiwa pasi shati. Ognyan ndiye aliyepiga pasi, akiimba.

"Baba," alisema kwa sauti ya kumfikia, "ukurasa wa gazeti uliokatwa maktaba uko wapi?"

Ognyan akaacha kuimba. Mzee akaendelea kumenya tufaha.

"Usijifanye kiziwi, Baba."

"Zdravka!" Ognyan akamgeukia, pasi ikabaki juu ya shati. "Unamwuliza nini mzee? Jumamosi ni keshokutwa!"

"Mtoto amepekuliwa leo kwa wizi ambao si wake. Na jana nilimfanya kichekesho cha darasa."

"Mtoto gani? Yule Mturuki? Kwa alama ya mtoto mmoja unataka kumfedhehesha baba yangu mbele ya halmashauri nzima? Mimi nitaingia kazini na uso gani?"

"Na mimi nitaingia darasani na uso gani?"

"Wewe una daftari zako! Sisi tuna jina!"

"Hilo jina nililiandika mimi, Ognyan! Kwa vidole hivi! Gazeti limenakili kwangu, halmashauri imenakili kwa gazeti. Nenda kaangalie, hata siku ya wiki nilikosea na wote wamekosea!"

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa jikoni. Ognyan alinyanyua pasi akachelewa. Mgongo wa shati ulikuwa na alama ya kahawia. Wote watatu wakaitazama.

"Mtoto wa nani?" Stamen aliuliza ghafla.

"Nani, Baba?"

"Huyo aliyepekuliwa."

"Sevgin. Mjukuu wa Fatme. Anasema bibi yake alikuwa ndani ya tela."

Kisu kikatulia juu ya tufaha. "Fatme," mzee alisema. "Yule mdogo wa kiatu kimoja. Alilia njia nzima kwa ajili ya kile kiatu kingine. Watu wanazama, yeye analilia kiatu." Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuonekana mtu wa kupewa daraja. "Yumer akamwambia, nyamaza, nitakurudia nacho. Na akarudi nacho, yule mwendawazimu."

Ognyan alikaa kitini. "Nani, Baba?"

Stamen aliinuka kwa kushika meza, akaenda chumbani kwake, akarudi na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na hati ya jeshi, pete ya marehemu mke wake, na chini kabisa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Akakiweka mbele ya mkwewe bila kukifungua.

Zdravka alikifungua. *Dereva Yumer Ademov, mwenye miaka 24, aliliingiza trekta majini mara tisa. Kibarua Stamen Gerdzhikov, mwenye miaka 19, aliishika kamba ya tela kutoka ukingoni kwa saa tano.* Palikuwa na picha. Vijana wawili waliolowa, mmoja juu ya trekta, mwingine chini, wameshikana mikono.

"Ulikata kwa nini, Baba?"

"Ilikuwa ule wakati serikali inawabadilisha Waturuki majina. Yumer akaitwa Yulian kwa nguvu, unakumbuka. Nikasikia watapita hata kwenye magazeti ya zamani, wafute. Sijui kama ilikuwa kweli. Nilikuwa na funguo. Nikasema, huyu hawatamfuta."

"Ulimficha ili asifutwe."

"Ndiyo."

"Halafu?"

Mzee alikaa.  "Halafu mwaka wa themanini na tisa akafungasha, akavuka mpaka na watu wake, magodoro juu ya gari. Akafia kulekule. Mimi nikabaki. Watu mezani wanasema, Stamen, simulia gharika. Mwaka wa kwanza nilimtaja. Nyuso zikabadilika, mtu akanimiminia pombe ya raki, akasema tuachane na hao. Mwaka wa pili sikumtaja. Trekta haliwezi kwenda bila dereva, binti yangu. Ikabidi nipande mimi."

"Na nilipoandika? Nilikusomea, Baba. Ulifurahi."

"Nilifurahi," mzee alisema. "Nilikuwa nimezoea kuwa juu ya trekta."

Ognyan aliinuka akatoka kwenda roshani, akafunga mlango nyuma yake. Stamen alikisukuma kipande cha gazeti kwa kidole kimoja hadi kikagusa mkono wa Zdravka, kisha akarudi kwenye tufaha lake, ambalo lilikuwa limekwisha kuwa jeusi.

Ijumaa Zdravka aliwasha projekta kabla watoto hawajakaa vizuri. Ukutani ikatokea historia ya ukurasa, na katikati yake, kwa herufi kubwa, Zdravka_G.

"Huyu mnamjua," alisema. "Machi 2014 aliandika sentensi bila chanzo. Ivelin, gazeti ulilolitaja lilimnakili yeye. Mwaka 2018 akalitaja gazeti kuwa shahidi wake. Huyu ng'ombe anaitwaje?"

 Kisha mtu akapumua kwa pua, mwingine akashindwa kujizuia, na darasa zima likalipuka. Aliliacha licheke. Mkuki kwa nguruwe. Aliuhisi wote ulivyoingia.

"Toleo la ngapi, Mwalimu?" Ivelin alipaza sauti kwa furaha.

"Toleo la kwanza, Ivelin. Lenye makosa." Akaenda hadi dawati la Sevgin. "Juzi nilikucheka. Bibi yako alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa na wino tu. Nisamehe." Akaweka kipande cha gazeti juu ya dawati.

Alitegemea labda machozi, labda asante. Sevgin alikisoma mara mbili, akakigeuza nyuma, akakirudisha. Kisha akachukua kalamu nyekundu iliyokuwa mkononi mwa mwalimu wake, maana yeye hakuwa na kalamu nyekundu.

"Tarehe haipo, Mwalimu," alisema. "Wala namba ya ukurasa, wala jina la gazeti. Kimekatwa vibaya. Siwezi kukiweka hivi."



"Huwezi," Zdravka alikubali. "Chukua koti."

Walikwenda wawili. Pavlina alifungua jalada bila kuambiwa. Sevgin alikishusha kipande ndani ya tundu kwa vidole viwili, akakisogeza kidogo kushoto, na mistari ya gazeti ikakutana na mistari yake, mchoro wa ukingo ukaungana na ukingo. Juu yake, kwenye karatasi ambayo wembe haukuigusa, palisomeka tarehe, toleo, ukurasa wa tatu. Pavlina hakuomba radhi. Alimletea msichana kikombe cha chai ya maua ya mti wa linden, jambo ambalo maktaba ilikuwa inakataza.

Jumamosi hapakuwa na sherehe. Halmashauri, iliyokwisha kuisoma makala mpya, ilipiga simu asubuhi, ikasema jambo hilo limeahirishwa hadi nyaraka zichunguzwe, na Ognyan, aliyeipokea simu, alisema "sawa" mara nne na kuondoka kwenda kuvua samaki bila kuchukua chambo. Alikuwa hajasema na mke wake tangu shati liungue.

Stamen alivaa suti hata hivyo. Ilibidi asivue koti hata ndani ya nyumba, ili kuficha mgongo wa shati ulioungua. Alikaa jikoni, amenyoa, kwa saa nzima. Kisha akasema, "Nisomee."

Zdravka alimsomea kwenye simu makala jinsi Sevgin alivyoiandika. Yumer alikuwa juu ya trekta. Fatme alikuwa ndani ya tela, bila jina, mmoja kati ya thelathini na wawili, maana kiatu hakikuwa na chanzo.

"Mimi nipo?"

"Upo, Baba. Una tanbihi yako. 'Aliishika kamba kwa saa tano.'"

Mzee alifikiri. "Sita," alisema. "Zilikuwa saa sita. Yule mwandishi alifika amechelewa."

"Gazeti linasema tano."

"Gazeti halikushika kamba."

Alitaka kucheka, lakini neno lilimtoka lenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi. "Una chanzo, Baba?"

Stamen aliweka mikono yake miwili juu ya meza na kuigeuza. Katika kila kiganja, kutoka mzizi wa kidole gumba hadi ukingo wa pili, palipita kovu jeupe, nene, lenye alama za msokoto wa kamba. Miaka kumi na minane alikuwa akimwandalia mzee huyu chakula, na hakuwahi kuitazama mikono yake kwa ndani.

Aliyatazama makovu kwa muda mrefu. "Nimeona, Baba," alisema.

Kwenye makala bado imeandikwa tano.